Ndege Hii, Ndege Huyu

Unyoya wa kuku ukiungua popote, mimi hutazama mlangoni. Sitazami jikoni, natazama mlangoni, nione nani anakuja. Watoto wangu wamekua wakinicheka kwa hilo. Juzi tulikuwa Bakoba, nyumbani kwa marehemu Bi Zuhura, kwenye hitma yake, na wapishi walikuwa uani wakibabua kuku ili kumaliza vinyoya vilivyobaki. Moshi ukaingia barazani tulipokaa wanawake. Nilisimama ghafla hadi kiti kikaanguka nyuma yangu. Mama yangu, ambaye siku hizi haoni vizuri lakini anasikia kila kitu, akanivuta nguo.

"Kaa, Koku. Ni kuku tu."

Nikakaa. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amejifunika pua kwa ncha ya kitenge, na uso wake ulielekea mlangoni kama wangu.

Ninyi wa rika langu mliokulia Bukoba, mliopanga foleni ya sukari na kukimbia mchakamchaka alfajiri, hamhitaji kuelezwa maana ya kutazama mlangoni. Tulilelewa tukiambiwa tuwe macho. Tuwe macho na walanguzi, tuwe macho na vibaraka, tuwe macho na mgeni anayeuliza maswali mengi. Kwa mtoto kazi hiyo ilikuwa tamu. Nilimshuku muuza samaki, nilimshuku padri mpya, nilimshuku hata shangazi yangu wa Kanazi kwa sababu alivaa miwani ya jua. Bi Zuhura sikumshuku, mpaka nilipofundishwa.

Alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Babu yake alifika Bukoba na misafara ya kutoka pwani, akaoa huku na akazikwa huku. Yeye mwenyewe alizaliwa Bakoba na hakuwahi kuiona bahari, ziwa lilimtosha. Hata hivyo mtaa mzima ulimwita mtu wa pwani, na wazee wetu wakamwita Omuswahili, wakilitamka neno hilo taratibu kama mtu anayepima kitu asichotaka kukinunua. Hakuwa na mtoto. Aliishi kwa kukanda wazazi na kuogesha vichanga vya mtaa. Mama alipojifungua mdogo wangu Mushobozi, ni Bi Zuhura aliyemkanda kwa maji ya moto, akamwimbia mtoto nyimbo ambazo nusu yake hatukuzielewa.

Maana Kiswahili chake kilikuwa kingine. Sisi Wahaya Kiswahili tulikipata shuleni, lakini masikio yetu yalibaki nyumbani. Katika Kihaya mnyama haendi na maneno ya watu, kwa hiyo tulisema mbwa imekuja, ng'ombe imekufa. Mwalimu alitusahihisha darasani, tukatoka nje tukaendelea vilevile. Bi Zuhura alisema mbwa amekuja, ng'ombe amekufa, na kwetu ilisikika kama mapambo tu. Halafu kulikuwa na neno ndege. Kwa Kihaya, yule wa manyoya anayeruka ni enyonyi. Endege ni ile ya chuma, basi. Neno lenyewe lilikuja Bukoba pamoja na chombo. Kwa hiyo mtoto wa Kihaya akisikia mtu anasema ndege, hawazi kabisa habari za mbawa na mayai.

Na mimi zaidi ya wengine, kwa sababu Tata, yaani baba yangu, alifanya kazi kwenye uwanja wa ndege, ule ulio kando ya ziwa. Alipakia mizigo, alisukuma ngazi, na kabla ndege haijatua alikuwa anakimbia kufukuza mbuzi na ng'ombe kwenye njia. Nilipokuwa mdogo kabisa zilikuja Dakota, zile zinazokaa mkia chini pua juu, hata abiria akiingia inabidi apande kilima ndani kwa ndani kutafuta kiti chake. Tata alinieleza kwamba Dakota zilipigana katika vita vikubwa vya Wazungu. Zilimwaga askari kwa miamvuli usiku, na vita vilipokwisha zikapakwa rangi, zikawekewa viti, zikaanza kubeba mapadri na wanunuzi wa kahawa. Yeye alilisimulia hilo kwa fahari. Mimi lilinitia shaka. Kama ndege ya vita inaweza kupakwa rangi ikawa ya abiria, nani anajua hii ya abiria kesho itapakwa nini?

Baadaye ikaja Foka, kazi ya Waholanzi, yenye mabawa yaliyokaa juu ya madirisha hivi kwamba hakuna abiria aliyezibiwa kuona chini. Ilileta magazeti na barua na watu wenye tai, ikaondoka na vikapu vya senene, wale panzi wa kuliwa, kwa Wahaya wa Dar es Salaam. Tata alitufundisha kuzijua kwa masikio. Dakota inakoroma, alisema, na Foka inapiga mluzi mwembamba kabla hujaiona.

"Na za vita, Tata?"

"Hizo utazisikia zikishapita."

Nilidhani ananitania, kwa sababu kitu kikishapita unakisikiaje?

Sasa, Bi Zuhura alikuwa na desturi moja. Jua likianza kuzama, kama Mushobozi amelazwa nje kwenye mkeka, alimfunika kanga mwili mzima, akisema, "Ndege asimpitie mtoto." Ndege akipita juu ya mtoto saa zile, alieleza, anamwachia ugonjwa, mtoto anakakamaa na kugeuza macho. Nilimsikiliza kwa makini sana. Tangu siku hiyo, Foka ikipiga mluzi upande wa ziwa, nilichukua kanga nikamtupia mdogo wangu, hata akiwa anakula, hata akiwa amebebwa. Siku moja Tata alinikuta.

"Unafanya nini?"

"Namfunika. Ndege inaacha ugonjwa."

"Nani kakwambia?"

"Bi Zuhura."

Tata alimfunua mtoto kanga. Alikuwa mtu wa ndege, na mtu akisema vibaya kuhusu ndege ilikuwa kama amesema vibaya kuhusu ng'ombe wake. "Mwambie Bi Zuhura ndege hizi zina wenyewe," alisema mwishoni, na jioni ile hakumsalimia jirani yake.

Kisha vita vikaja. Sitavisimulia, kila nyumba ya kwetu ina vita vyake. Nitasema tu kwamba siku ya kwanza ndege za nchi jirani zilipopiga mjini, nilikuwa kisimani, na nilielewa maneno ya Tata. Kitu cheupe kilipita juu ya migomba bila sauti yoyote, kikaisha, na ndipo mbingu ikapasuka. Ndoo ilianguka. Nilikimbilia nyumbani nikamkuta Bi Zuhura amemlalia Mushobozi sakafuni, na mama amemlalia Bi Zuhura.

Foka ikaacha kuja. Tata aliambiwa abaki kazini, ingawa hakukuwa na kazi, akatutafutia nafasi kwenye lori la kahawa linalokwenda Muleba kwa bibi yangu mzaa mama. Wakati tunapanda, Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni kwake na sufuria moja mkononi, hajui aende wapi. Wenzake wote walikuwa na kibanja mahali fulani, shamba la migomba na babu aliyezikwa chini yake. Yeye alikuwa na nyumba ya Bakoba tu. Mama akamwita kutoka juu ya lori.

"Twende wote, Bi Zuhura. Hapa utabaki na nani?"

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mama akiyasema, na nayaweka hapa yakae.

Njiani mgambo walitusimamisha. Waliwauliza watu majina, wakamruka mama, wakamruka mpaka mzee mmoja mlevi, wakasimama kwa Bi Zuhura kwa sababu ya mtandio wake.

"Kwenu wapi?"

"Bakoba."

"Nauliza kwenu kwenyewe."

"Bakoba, mwanangu. Sina pengine."

Mgambo alimtazama sana, kisha akamtazama mama, na mama akasema, "Ni wetu." Lori likaondoka.

Muleba tulikuta kijiji kimebadilika rangi. Mabati yote yalikuwa yamefunikwa majani ya migomba yasing'ae. Ilikatazwa kuanika nguo nyeupe, ilikatazwa moshi mchana, ilikatazwa taa jioni, na kwa kuwa senene hukamatwa kwa taa, mwaka ule walipita juu yetu bure na watu wakawasindikiza kwa macho. Balozi wa nyumba kumi, Ta Leopoldi, alikuwa mtu mpole aliyewahi kuwa katekista. Vita vilimpa kazi ya kutomwamini mtu, na aliifanya kwa bidii ileile aliyofundishia sala. Kila aliyekuja kutoka mjini alitazamwa. Aliyekuja bila Kihaya cha kutosha alitazamwa mara mbili. Bi Zuhura alikijua Kihaya cha sokoni na cha uzazi, lakini akichoka au akiogopa alirudi kwenye Kiswahili chake, na siku zile alikuwa anaogopa muda wote.

Na mimi nilizidisha mambo kwa ujuzi wangu. Kwenye ukuta wa ghala la kahawa ilibandikwa karatasi yenye picha nyeusi za ndege, vivuli tu, upande mmoja za kwetu na upande mwingine za adui. Wanaume walikuwa wakibishana mbele yake kila jioni. Nilipenya nikatazama, nikaona wazi kwamba ni zilezile. Tata alikuwa amenieleza: za kwetu zilitoka China, za wenzetu zilitoka Urusi, na Mchina alijifunza kuziunda kutoka kwa Mrusi. Zote ni Migi, zote zina mdomo wazi mbele. Nikawaambia wakubwa, hizi ni ndege ndugu, huwezi kuzitofautisha ukiwa chini.

Mabishano yakakatika. Ta Leopoldi aliinama mpaka uso wake ukafika kwenye wangu. "Mtoto, haya umeyajulia wapi?"

"Kwa Tata."

"Na Tata wako yuko wapi sasa?"

"Uwanja wa ndege."

Wanaume walitazamana. Jioni hiyo bibi alinivuta sikio mpaka likawaka, na kuanzia kesho yake majirani walikuwa wakitusalimia kwa ufupi.

Katika hali hiyo ndipo Mushobozi alipoumwa. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika ukuta. Asubuhi aliamka na joto, mchana akakakamaa mikononi mwa mama, macho yakageuka yakabaki meupe, mikono ikarukaruka. Mama alipiga ukelele mmoja tu. Bi Zuhura akamchukua mtoto, akamgeuza ubavu, akamtazama kinywani, na sauti yake ikawa ya mtu aliyerudi kazini kwake.

"Ni ndege huyu. Ameshampata."

"Nampeleka zahanati," mama alisema.

"Usimpeleke akachomwe naye yuko hivi, Mama Koku. Sindano na ndege havikai pamoja. Ngoja kwanza nimfukize. Ndege huyu namjua. Amekuja mara moja, atarudi kabla jua halijazama. Akirudi anikute nimejiandaa."

Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti. Nilikuwa nimefundishwa kuwa macho, na huyu hapa mwanamke anasema ndege inarudi kabla jua halijazama na yeye amejiandaa. Sikuwa peke yangu niliyesikia. Ma Justina, jirani wa bibi, alikuwa amekuja kuomba moto, amesimama kati ya migomba na kigae chake mkononi. Aliondoka bila moto na bila kuaga.

Ndani ya nyumba ya bibi sakafu ilikuwa imetandazwa nyasi kavu, kama nyumba yoyote ya heshima kwetu, kwa hiyo huwezi kufukiza ndani usije ukaunguza kila kitu. Bi Zuhura akatoka uani. Alimkamata kuku mweusi wa bibi, akamnyonyoa mkia akamwachia, akaweka manyoya juu ya makaa kwenye chungu kilichovunjika. Akaketi na mtoto mapajani, kanga juu ya kichwa chake kumkusanyia moshi. Lakini moshi haukukusanyika wote. Hakukuwa na upepo. Ulinyooka juu ya migomba, mweusi, ukaonekana kijiji kizima.

Ta Leopoldi alikuja na mgambo wawili wenye fimbo. Nyuma yao alikuwa Ma Justina, na nyuma ya Ma Justina kila mtu.

"Moshi huu wa nini, mama?"

"Wa ndege, baba," Bi Zuhura alijibu bila kuinua kichwa.

Ta Leopoldi aliinua macho angani.

"Ndege gani?"

"Huyu aliyemwingia mtoto. Karibu atarudi."

Mama aliielewa hatari mapema kuliko wote, kwa sababu alikuwa ameishi ukuta kwa ukuta na Kiswahili kile. Alisogea katikati. "Ta Leopoldi, hasemi ile ya angani. Ile angesema imekuja. Yeye anasema amekuja. Sikiliza vizuri: amekuja."

"Amekuja nani?"

"Ndege."

"Ndege ni kitu, Ma Agnesi," alimjibu mama. "Kitu hakisemwi amekuja. Anayesemwa amekuja ni mtu." Ta Leopoldi aliwageukia watu, na nakumbuka alivyokunja uso kama aliyeiona hoja ikijileta yenyewe. "Ndani ya ndege kuna mtu. Anamsema rubani. Anamjua."

Watu wakaguna. Mimi niliona amesema kweli tupu. Utetezi wa mama ndio uliomtia mwenzake ndani.

Na hapo ndipo ilipopita. Haikuwa na mluzi wala mkoromo; kivuli tu kilichokatisha uani, haraka kuliko mtu kugeuka. Sauti ikafuata. Kila mtu alijitupa chini ya migomba, balozi, mgambo, Ma Justina, bibi, mama, mimi. Nilijaza udongo mdomoni. Nilipofungua jicho moja nilimwona Bi Zuhura palepale uani, peupe, amejikunja juu ya Mushobozi na kanga imewafunika wote wawili, na pembeni yao moshi unaendelea kupanda taratibu. Hakuna bomu lililoanguka. Sauti ilikwenda zake upande wa kusini.

Tuliinuka mmoja mmoja. Ta Leopoldi alikuwa na majani makavu kichwani, na aibu ya kujitupa chini mbele ya watu ilimfanya awe mkali kuliko alivyozaliwa.

"Jua halijazama," alisema. "Ndege imerudi kama alivyosema. Na yeye hakukimbia. Kwa nini hakukimbia? Alijua haitapiga."

"Mtoto hakimbizwi akiwa hivi," Bi Zuhura alisema. "Ukimtikisa unamuua."

Hakuna aliyemsikiliza. Ta Leopoldi alimgeukia mama, na akauliza kwa upole, upole wake wa zamani, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Ma Agnesi, wewe ulikuja naye. Unamjua? Utasimama kwa ajili yake?"

Mama alimtazama Bi Zuhura. Akautazama moshi. Nilikuwa karibu naye, na niliona shaka ikimwingia usoni, ileile iliyonishika mimi kwenye kizingiti. Aliinama kwanza akamchukua mtoto kutoka mapajani mwa yule mwanamke, akamnusa nywele.

"Tulipanda lori moja," alisema.

Bi Zuhura aliinua kichwa. "Mama Koku," akasema. Alingoja kidogo. Kisha akaomba aruhusiwe kuchukua ndala zake, wakamruhusu, wakaondoka naye.

Mama alimpeleka Mushobozi zahanati jioni ileile, akikimbia mpaka akachechemea, na mganga akamchoma sindano. Kesho yake alikuwa ananyonya. Bibi alisema ni moshi uliomponya, mama alisema ni sindano, na kwa miaka mingi mimi niliamini kwamba ndege ilipita, ikamwona Bi Zuhura, ikaogopa. Siku hizi najua ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Yule kuku alizunguka kibanja bila mkia mpaka vita vilipokwisha, na kila mama alipomwona aligeukia upande mwingine.

Tata alipotufuata nilimwuliza kuhusu ndege ya siku ile. Akaniuliza kama ilikuwa na mdomo wazi, nikasema ndiyo. Basi ni Migi, akasema. Ya nani? nikamwuliza. Alichora ardhini kwa kijiti. "Sijui, Koku. Huenda ilikuwa ya kwetu."

Bi Zuhura tulimkuta Bakoba tuliporudi. Alikuwa ametangulia. Habari zake tulizisikia kwa watu wengine: kwamba alifungiwa chumba kimoja kituoni pamoja na magunia, akahojiwa na huyu na yule, mpaka akapita askari mmoja mtu wa Tanga aliyekuwa anakwenda mstari wa mbele. Alimsikiliza sentensi mbili tu, akauliza, "Ndege wa watoto?" akacheka mpaka akakaa chini. Hata yeye, alisema, alifukizwa utotoni. Wakamfungulia mlango. Alirudi mjini peke yake, sehemu kwa gari la jeshi, sehemu kwa miguu.

Mama alikwenda kumwona na mkungu wa ndizi kichwani. Nilimfuata. Bi Zuhura alitupokea vizuri, akatupa viti, akamshika Mushobozi shavu. Mama alisema, kwa Kiswahili, kwamba tunashukuru Mungu. Bi Zuhura akajibu kwa Kihaya. Mama akasema jambo jingine kwa Kiswahili, naye akajibu tena kwa Kihaya, polepole, akiyachagua maneno, na alipokosea alijisahihisha. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Tangu siku ile mpaka alipofariki hakutuambia neno la Kiswahili. Nyimbo zilikwisha. Mtoto yeyote wa mtaa wetu akikakamaa, alisimama mlangoni na kuonyesha kwa mkono njia ya hospitali. Foka iliporudi na kupiga mluzi wake juu ya mtaa, aliitaja endege, kama sisi, na kwa usahihi kuliko sisi. Hakutugombeza hata mara moja. Alijifunza lugha yetu ili asiwe na neno lolote la kushukiwa, na kila alipoitumia tulijua ni kwa nini. Nilimpenda na nilimwogopa. Mama alimpelekea senene kila msimu, alimpelekea kahawa, alimwuguza mwishoni, na kila mara alipewa asante ya Kihaya, safi kabisa.

Siku ya hitma, basi, moshi wa kuku ulipotulia, tulikaa barazani tukimngoja Mushobozi. Ni mtu mzima, ana mvi, anaishi Dar es Salaam. Mama alikuwa amempigia simu mwenyewe akamwambia aje, na hakumweleza sababu, kwa kuwa mambo ya Muleba hatukuwahi kumsimulia. Alikuwa anakuja kwa ndege ya asubuhi. Wanawake wa ukoo wa Bi Zuhura, waliokuja kutoka pwani, walikuwa wamekaa nasi kwenye mikeka, wenye mitandio, wakizungumza kile Kiswahili chake, na mama alikuwa anakisikiliza huku ameinamisha kichwa.

Ndipo mluzi ukasikika upande wa ziwa. Ndege za siku hizi zinapiga mluzi mnene kidogo, lakini mabawa yamekaa juu vilevile. Mama aliisikia kabla yetu sote. Alishika mkono wangu, akainuka, akasimama katikati ya wale wanawake, akawaambia kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hata wapishi uani waliisikia:

"Ndege amekuja."

Binti yangu mdogo, anayefanya vizuri sana shuleni, akacheka. "Bibi, hiyo unasema imekuja."

"Najua inavyosemwa," mama alimjibu. Hakumtazama mtoto. Aliutazama mlango wa chumba cha Bi Zuhura, uliokuwa wazi, na kitanda kimetandikwa. "Nimesema amekuja."